Mtu wa Saba Kwenye Picha

Pale saiti kila mtu alimwita Mama Picha, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mhandisi mkuu. Alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, aligeuka kwa kuchelewa, kama mtu anayehisi wameitwa wengine. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mwembamba, na magoti yake yalilia akikunja mguu. Lakini kazi aliyoifanya wanaume wengi wa pale waliikataa kwa macho makavu. Kila Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi, alifunga mkanda wa usalama kiunoni, akaweka kamera mgongoni, na kupanda ngazi ya chuma iliyo ndani ya mnara wa kreni, mita arobaini na tano kwenda juu, ili alipige picha jengo kutokea angani.

Lilikuwa jengo la maofisi. Kwenye michoro lilikuwa na ghorofa kumi na mbili. Kwa macho, lilikuwa limefika ya tano. Wenye jengo waliishi mbali na walitaka kuona kila wiki pesa yao imeota kiasi gani. Vile vindege vidogo vya kamera vilikatazwa eneo lile kwa sababu uwanja wa ndege ulikuwa karibu, na Mama Picha akapata riziki kwa sababu hiyo. Kabla ya hapo alikuwa na studio ya picha za pasipoti na za maharusi, aliyoachiwa na mjomba wake. Simu za mkononi zilipoingia zikamla mteja mmoja mmoja, mpaka ikawa anafungua mlango asubuhi ili vumbi liingie na kutoka. Mhandisi mkuu, ambaye harusi yake ilipigwa picha na Mama Picha, ndiye aliyemkumbuka.

"Unaogopa kupanda juu?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Naogopa kukaa chini," alijibu, na mhandisi akacheka, kazi ikawa yake.

Kule juu alimkuta opereta wa kreni, mzee wa miaka sitini aliyeitwa Mwewe, mwenye maneno machache na chupa ya chai isiyokwisha. Mwewe alimwachia dirisha la upande wa mashariki, lile lenye kioo kinachofunguka, na kumshika mkanda kwa nyuma alipoinama nje. Walikaa hivyo robo saa, nusu saa, mtu na mwenzake, wakitazama watu wanavyopungua ukubwa. Ukiwa juu, kibarua ni helmeti tu yenye mabega. Humjui mtu kwa uso, unamjua kwa mwendo. Mwewe alimjua kila mmoja. "Yule anayechechemea ni fundi nondo. Yule anayesimama sana ni nyapara," alisema, na nyapara kweli alikuwa amesimama, mikono kiunoni, akiwahimiza wenzake.

Jioni, Mama Picha alirudi nyumbani kwa mama yake. Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Lakini masikio yake yalikuwa ya paka, na ulimi wake haukuwa umezeeka hata kidogo. Tangu enzi za studio alikuwa na desturi moja: binti yake akimaliza kuzipanga picha kwenye kompyuta, alivuta stuli, akakaa, na kusema, "Haya, nisomee." Na Mama Picha alimsomea picha kama mtu anavyosoma barua: kushoto kuna nini, kulia kuna nini, nani amevaa nini.

"Zamani ulikuwa unanisomea magauni," bibi alilalamika. "Siku hizi ni nondo na zege, zege na nondo. Hata mimi kipofu nimechoka kuliona hilo jengo."

Lakini siku iliyofuata alivuta stuli tena.

Jumanne ile alipanda kama kawaida. Anga lilikuwa safi. Upande wa mashariki wa ghorofa ya tano sakafu ilikuwa imemwagwa zege Alhamisi iliyopita, na asubuhi hiyo Mwewe alikuwa akiipandishia mafungu ya nondo, fungu baada ya fungu. Watu walikuwa juu yake wakiyapokea. Mama Picha akapiga picha kama hamsini, pana na za karibu, akamshukuru mzee, akashuka. Alipofika chini mikono yake ilikuwa na harufu ya chuma. Akavuka barabara kwenda kunywa chai kibandani.

Ilikuwa saa nne na dakika chache. Hakusikia mlipuko. Alisikia kitu kama lori linalomwaga kokoto, ila lori lile halikumaliza kumwaga. Kisha vumbi likatoka kwenye madirisha matupu ya jengo, likavuka uzio, likavuka barabara, na kuja kukaa juu ya chai yake. Upande wa mashariki wa ghorofa ya tano ulikuwa umeiangukia ya nne, na zote mbili zikaiangukia ya tatu. Kreni ilibaki imesimama, na kwenye kibanda chake kule juu Mwewe alionekana ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Zimamoto walifika, na polisi, na watu wenye simu. Mpaka jioni walikuwa wametolewa watu watano, wa sita akatolewa alfajiri. Wawili walikuwa wamekufa, mmoja wao nyapara mwenyewe. Wanne walipelekwa hospitali: wawili hawajitambui, mmoja taya limevunjika hawezi kusema, na mmoja anaweweseka kwa homa. Mhandisi alifungua daftari la mahudhurio mbele ya kamanda wa zimamoto, akapitisha kidole. Majina sita. Watu sita. Jumatano saa sita mchana kamanda alifunga daftari, akakunja mipira ya maji, akaondoka na watu wake.

Lakini Jumanne ile ile, kabla giza halijaingia, simu ya Mama Picha ilikuwa imelia.

"Mama Picha," sauti ya mhandisi ilikuwa imekwaruza, "picha za leo usimpe mtu. Si mwandishi, si polisi, si nani, mpaka nikwambie. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Usizifungue hata kwenye kompyuta. Watu wanaiba vitu siku hizi. Unga wangu na wako uko humo ndani."

Akaitoa kamera begani, akaifungia kabatini nyuma ya mapazia ya zamani ya studio, ufunguo akauweka kwenye sidiria. Alijiambia anafanya hivyo kwa kuwa ameambiwa. Ukweli ni kwamba mwenyewe hakutaka kuziona. Alikuwa amepiga picha ya watu ambao nusu saa baadaye walikuwa chini ya kifusi, na hakuwa na ubavu wa kuwatazama wakiwa bado wamesimama.

Jumatano alikwenda saiti bila kujua anafuata nini. Kukaa nyumbani kulimshinda. Pale getini alimkuta mwanamke mdogo, hata miaka ishirini na mitano hajafika, na mtoto mgongoni. Alikuwa anaongea na mlinzi kwa sauti ya chini, ya mtu ambaye ameshauliza mara nyingi na anaogopa kufukuzwa.

"Kaka yangu, naomba uangalie tena. Mume wangu alisema anakuja kutafuta kibarua hapa. Hajarudi tangu jana."

"Dada, nimekwambia. Jina lake halimo. Wote wamepatikana."

"Alivaa kofia ya sufi ya kijani. Mwembamba, mrefu."

"Labda kapata kazi kwingine," mlinzi alisema. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na watu wanasikiliza na ulimi ulimteleza, akaongeza, "Au kapata mke kwingine. Wanaume hawa unawajua."

Mtu mmoja akacheka kidogo. Mwanamke yule akamvuta mtoto juu mgongoni, akasogea pembeni, akaendelea kusimama.

Mama Picha alisikia neno kwa neno. Alisikia na kofia ya kijani, na kitu kilimgusa ndani, kitu kidogo, kama mtu akikupapasa bega kwenye umati ukigeuka humwoni. Akaingia getini. Alizungukazunguka saiti, hakuna aliyemhitaji, akatokea geti la nyuma na kurudi nyumbani.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, bibi alivuta stuli.

"Nisomee."

"Mama, leo hapana."

"Leo hapana, jana hapana. Jumanne ulipanda, hukunisomea. Kwani picha zimeoza?"

"Zina watu waliokufa, mama."

Macho meupe ya bibi yalitazama mahali ambapo alidhani pana uso wa binti yake.

"Basi nisomee hao," alisema. "Mtu akifa si wa kufungiwa kabatini. Nani amewatazama tangu wafe?"

Mama Picha alitoa ufunguo, akatoa kamera, akafungua kompyuta mezani. Picha zikaanza kuingia. Alichagua moja, ya saa tatu na dakika arobaini na mbili, iliyopigwa kwa lenzi ndefu moja kwa moja juu ya upande wa mashariki.

"Kushoto kuna mafungu ya nondo," alianza. "Matano. La sita linaning'inia, Mwewe analishusha. Chini uwanjani kuna mirunda, mingi, imelazwa." Akasita. Mirunda ile ilitakiwa iwe imesimama chini ya sakafu mpya, imeishikilia mpaka zege likomae. Zege lilikuwa na siku tano tu.

"Endelea. Watu."

"Nyapara amesimama, mikono kiunoni. Helmeti nyeupe. Wengine za njano. Wawili wameshika ncha ya fungu. Mmoja ameinama. Mmoja... ameegemea mguu mmoja, yule anayechechemea, fundi nondo. Mmoja amekaa juu ya mbao."

"Sita," bibi alisema. Alikuwa akihesabu kwa vidole, kama alivyozoea.

"Sita," Mama Picha aliitikia, na pumzi ikamshuka. Kisha jicho lake likaenda kwenye kona, karibu na nguzo ya ngazi, ambako kivuli cha fungu lililoning'inia kilikuwa kimepita. Mle kivulini kulikuwa na kidoa. Akaikuza picha. Kidoa kikawa duara la kijani, na chini ya duara mabega mawili, na mkono mmoja umebeba ndoo.

Akafungua picha iliyofuata, ya sekunde ishirini baadaye. Duara la kijani lilikuwa limesogea hatua tatu na kutoka kivulini. Mtu mwembamba, mrefu. Hana helmeti, kwa sababu helmeti hutolewa kwa waliomo daftarini.

"Mbona umenyamaza?" bibi aliuliza.

"Ni saba, mama," alisema. "Walikuwa saba."

Bibi alipapasa meza mpaka akaupata mkono wake. "Leo siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Sasa umekaa unafanya nini hapa?"

Alifika saiti kwa pikipiki, kompyuta ameipakata kifuani kama mtoto, kadi ya kamera ikiwa bado imo ndani yake. Ofisi ya mhandisi ilikuwa kontena lenye dirisha moja na feni isiyozunguka. Mhandisi hakuwa amelala tangu Jumanne, na ndevu zilikuwa zimemchomoza kama vumbi la chuma. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Hiyo ni ndoo," alisema.

"Ndoo ameibeba. Tazama."

"Basi ni mfuniko. Ni kitambaa. Kwa umbali ule unaweza kuona chochote."

"Tazama ya pili. Imesogea. Mfuniko hautembei, bosi."

Mhandisi alifuta uso kwa kiganja. "Mama Picha, nisikilize. Daftari lina watu sita. Nimesaini mbele ya kamanda. Aliyewaingiza alikuwa nyapara, na nyapara amekufa. Ukitoka hapa na hiyo picha ukasema kuna wa saba, mimi na wewe hatuna..." Hakuimalizia. "Niachie kadi. Nitaifanyia kazi."

"Mke wake alikuwa getini jana."

"Nani?"

"Mke wake. Alisema kofia ya kijani. Nilimsikia."

Walitazamana. Mhandisi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Mama Picha baadaye alipofikiria. Alikuwa na hofu tu, hofu ile ile ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameifungia kabatini siku mbili. Mkono wa mhandisi ulikuwa umenyooka juu ya meza, unasubiri kadi.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Ni Mwewe, ameshika kofia yake mkononi. Inaonekana alikuwa amemwona Mama Picha akishuka kwenye pikipiki, akamfuata.

"Yupo," mzee alisema, macho kwenye sakafu. "Nilimwona. Mwembamba, na kofia ya sufi. Sakafu ilipoanguka nilimwona anakimbilia ngazi. Nikajiambia amewahi kushuka. Nimejiambia hivyo siku tatu."

Feni ilikuwa imesimama, na nje hakuna mashine iliyokuwa ikiunguruma. Mhandisi akaurudisha mkono wake taratibu, akaufanya ngumi, akajipiga nayo paji la uso mara mbili. Kisha akanyanyua simu na kumpigia kamanda wa zimamoto.

Kifusi kilikuwa kimebadilika sura. Watu walikuwa wamekichimba upande mmoja, wamekirundika upande mwingine, na ukisimama chini huwezi kujua kona ya ngazi ilikuwa wapi. Kamanda, aliporudi na watu wake, aliuliza nguzo ile ya ngazi iko usawa gani, na kila mtu alinyoosha kidole upande wake.

"Kutoka juu ningeona," Mama Picha alisema.

Hakuna aliyemzuia. Alipanda ile ngazi na kompyuta kwenye begi, Mwewe mbele, yeye nyuma. Kibandani aliiweka kompyuta mapajani, picha ya Jumanne imefunguka, na chini yake, kupitia kioo, kifusi cha Alhamisi. Alitafuta vitu ambavyo havikuhama: kona ya uzio, tangi la maji, nguzo mbili za kaskazini zilizobaki zimesimama. Akapima kwa kidole kwenye picha, akapima kwa kidole hewani.

"Waambie waende kulia," alisema kwenye redio. "Zaidi. Pita ile nondo iliyopinda. Zaidi kidogo. Hapo. Chini ya hilo bamba kubwa."

Mwewe alishusha ndoano. Walifunga bamba kwa minyororo, akalinyanyua kwa upole ambao Mama Picha hakuwahi kuuona, kama mtu anayemfunua mgonjwa shuka. Chini ya bamba kulikuwa na ngazi, imevunjika lakini haikulala, na chini ya ngazi kulikuwa na uwazi wa kumtosha mtu aliyejikunja. Mzima moto mmoja akapiga magoti, akaingiza kichwa na tochi. Akakaa hivyo. Alipotoa kichwa hakupiga kelele ya kuomba machela. Alivua helmeti yake.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, jua bado lipo. Kutoka juu Mama Picha aliiona kofia ya kijani ikitolewa kwanza.

Daktari aliyeitwa pale alikuwa binti mdogo, na hakujua kwamba kuna mambo ambayo mtu huyasema kwa kuzungukazunguka. Alisema mguu ulibanwa lakini haukuvunjika vibaya. Alisema kichwani hakuna jeraha. Viganja vilikuwa vimechubuka kwa kugonga. Mwili ulikuwa bado haujakaza vizuri.

"Amekufa lini?" mhandisi aliuliza.

"Leo," daktari alisema. "Asubuhi, au mchana huu. Kiu, na hewa haikutosha."

Mchana ule Mama Picha alikuwa anasukuma sahani ya chakula mezani, kamera iko kabatini, hatua nne kutoka mkono wake.

Mke wa marehemu alikuwa bado getini. Alikuwa amerudi asubuhi, na kusimama kwake kulikuwa kumezoeleka mpaka hakuna aliyemwona tena. Walipomletea habari hakupiga yowe. Alimshusha mtoto mgongoni, akampa mtu wa karibu, ambaye alikuwa mlinzi yule yule, kisha akakaa chini mchangani na kunyoosha miguu mbele kama mtu aliyefika baada ya safari ndefu.

Walimzika Jumamosi. Mama Picha alikwenda. Msibani alikaa mkekani na wanawake wengine, hakuna aliyemjua, wakampa maji ya kunawa na mahali pa kuegemea. Ingekuwa rahisi kukaa hivyo, kulia kidogo, na kuondoka. Alingoja watu wapungue, akasogea mpaka kwa mfiwa.

"Mdogo wangu, pole."

"Nimeshapoa, dada. Ahsante kwa kuja."

"Mimi ndiye niliyepiga picha."

Mwanamke akainua uso. "Wanasema ni wewe uliyempata. Mungu akulipe."

"Usinishukuru. Picha ile nilikuwa nayo tangu Jumanne. Niliifungia. Niliambiwa niifungie, na mimi nikakubali. Jumatano nilipita pale getini ukiwa unauliza."

Mwanamke alimtazama muda mrefu. Alikuwa anamkumbuka.

"Ulikuwa na begi jeusi," alisema.

"Ndiyo."

"Ulinisikia nilivyosema kofia?"

"Nilisikia."

"Na ukapita."

"Nikapita."

Mtoto alianza kulia ndani ya nyumba na shangazi mmoja akaenda kumbembeleza. Mfiwa hakugeuka. Baadaye kidogo akasema, "Hiyo picha, unayo?"

Mama Picha alikuwa ameichapa, kubwa, kwenye karatasi nzuri, bila kujua kama angeitoa. Aliifungua juu ya mkeka. Mwanamke aliinama, akatafuta, hakuona. Mama Picha akamwonyesha. Kidole cha mfiwa kikakaa juu ya duara la kijani, na kidole kikalifunika lote.

"Ni mdogo hivi?" aliuliza.

"Kutoka juu, ndiyo."

"Anabeba maji," alisema. "Alikuwa na maneno, kwamba yeye hawezi kubeba ndoo nyumbani, mgongo unamuuma." Akacheka kicheko kifupi, kisha kikageuka ndani ya koo na wanawake wakaja kumshika. Mama Picha akaondoka. Picha aliiacha.

Kesi ilikuja kusikilizwa baada ya miezi saba. Picha zilitoka kwenye kabati na kuwekwa mezani mbele ya hakimu: ile ya Alhamisi zege likimwagwa, ambayo alikuwa ameipiga kwa bahati alipoitwa siku isiyo yake, na ile ya Jumanne mirunda ikiwa imelala uwanjani. Wakili wa kampuni alimweka Mama Picha kizimbani zaidi ya saa moja. Alijaribu kila upande, mwishowe akauliza, "Kama picha hizi zilikuwa muhimu hivyo, shahidi, kwa nini hukuzitazama siku ile?"

"Niliogopa kupoteza kazi."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Hakimu akamwambia karani aandike, na karani akaandika.

Lakini lililowanyamazisha watu siku ile halikutoka kwake. Alisimama fundi nondo, yule wa kuchechemea, sasa anatembelea magongo mawili. Akasema kwamba yeye, akiwa kifusini, alimsikia yule mgeni wa kofia ya kijani akiongea upande wa pili wa ukuta, akiuliza kama kuna mtu. Walisemezana. Alipofika hospitali aliwaambia wauguzi, "Tulikuwa saba, yuko mwingine." Wakamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, wakasema ni homa. Akafuata mlinzi wa getini. Huyu alikiri kwamba Jumatano jioni alisikia kitu kinagonga mle ndani, ko, ko, ko, akadhani ni bomba la maji. Kisha Mwewe akasema ya kwake.

Mke wa marehemu alikaa benchi la mbele kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mahakama ilipoahirishwa, alimkuta Mama Picha kwenye ngazi za nje, anahangaika na kishikizo cha begi.

"Nilikuwa nakuchukia wewe peke yako," alisema. Sauti yake haikuwa na ukali. "Kila siku, wewe peke yako. Kumbe mlikuwa wanne."

"Ndiyo," Mama Picha alisema.

"Wewe, yule fundi, mlinzi, mzee wa kreni. Kila mtu na kipande chake." Akamweka mtoto vizuri kiunoni. Mtoto alikuwa amekua, miguu ilikuwa inaning'inia. "Afadhali ningekuchukia wewe tu. Ilikuwa rahisi."

Akashuka ngazi, akavuka barabara, hakuangalia nyuma.

Mhandisi alifungwa miaka miwili. Kampuni ilibadili jina na kupata kazi kwingine. Jengo lilinunuliwa na watu wengine, likabomolewa upande wa mashariki na kujengwa upya, na leo lina vioo vya buluu na watu wanaingia mle kila asubuhi na vitambulisho shingoni. Mwewe aliacha kreni mwaka ule ule. Wajenzi hawakumwita Mama Picha tena, maana mpiga picha aliyewahi kusimama kizimbani humpi mgongo. Anapiga picha za vyeti kwenye mahafali ya shule, watu wamejipanga kwenye mistari, naye yuko chini pamoja nao.

Mjane alirudi kwao na mtoto. Habari za mwisho zilizomfikia Mama Picha, kupitia kwa shemeji wa marehemu, zilisema anashona nguo, na mtoto anaongea vizuri sasa, anauliza maswali mengi. Shemeji alimuuliza kama ana salamu za kupeleka. Alifikiri kidogo.

"Hapana," alisema. "Mwache."